Firimbi Kwenye Fungu la Chaza

Maiti ilikuwa imekaa. Hilo ndilo lililomshtua Inspekta kabla ya jingine lolote. Aliyekufa maji huelea au hulala. Huyu alikuwa amekaa katikati ya mizizi ya mikoko, mgongo umeegemea shina, miguu imezama topeni, shati la njano limemganda mwilini, utadhani amepumzika kidogo anangoja chai.

"Nani amemgusa?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna, afande," alijibu mama mtega kaa, ambaye ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wake, mikono kichwani. "Mimi nilimsalimia tu. Nilimwambia, Nahodha, za asubuhi? Kimya. Nikasema huyu leo ana maringo, nikamsonya. Mungu anisamehe, nimemsonya maiti!"

"Hukujua, mama."

"Hata kama. Nimemsonya."

Inspekta alivua viatu, akakunja suruali mpaka magotini na kushuka topeni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka wenzake wakaanza kujitetea bila kuulizwa. Nyuma yake alikuja Koplo, mwili jumba, mtu ambaye maji aliyapenda yakiwa ndani ya glasi tu. Hatua ya pili buti lake lilibaki chini. Hatua ya tatu likabaki la pili.

"Afande, natembea peku."

"Tembea. Piga picha kila kitu kabla hatujamtoa."

Kila mtu pale horini, kwenye mkono ule wa bahari, alimjua marehemu. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kuvua kwa fimbo na ndoano kwenye vijito vya maji chumvi, nyuma ya mikoko. Na hawakuvua ili wale. Wako watu duniani wanaosafiri mbali wamkamate samaki, wampige picha, halafu wamwachie aende zake. Ukiona ni ajabu, basi hujatembea. Nahodha aliifanya kazi hiyo kwa heshima, na wageni walirudi kwake kila mwaka wakimkumbatia kama ndugu.

Boti yake ndogo ilikuwa imeokotwa mapema asubuhi hiyo, imekwama kwenye kijito cha jirani. Haikuwa na mtu, na injini yake ilikuwa imeshushwa majini.

Wakati wanamlaza marehemu kwenye turubai, kelele ikazuka ufukweni. Mwanamume mwenye mvi za ndevu alikuja mbio akianguka na kuinuka.

"Kaka! Jamani, kaka yangu! Nimemuua mimi! Nimemuua kwa mikono yangu!"

Watu walimdaka. "Nyamaza, Ndoo. Usiseme hivyo. Siku yake imefika."

Ndoo ndilo jina alilojulikana nalo tangu utotoni, alipokuwa akimbebea kaka yake ndoo ya chambo. Sasa alikuwa mwongoza wageni kamili, lakini jina lilikuwa limeganda. Inspekta alimpa muda apumue, kisha akachuchumaa karibu naye.

"Pole sana. Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana alasiri. Asubuhi tulikuwa na mgeni mmoja, mimi na kaka, kwa boti kubwa. Tukarudi. Alasiri akachukua boti ndogo akasema anakwenda kutafuta chambo cha leo."

"Peke yake?"

"Peke yake. Nilimwambia, kaka, una bega bovu, ukianguka huwezi kuogelea mkondo ule. Hasikii. Ningekwenda naye, afande! Ningekwenda naye tu!"

"Na mgeni wenu yuko wapi?"

"Wa kupita huyo. Hata sijui kapitia wapi."

Alijipiga kifua tena. Inspekta alimtazama kwa huruma, maana alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo. Kila anayefiwa hutafuta mahali pa kujilaumu, na wengine hupapata haraka.

*

Nyumba ya Nahodha iligeuza mgongo wake kwenye maji. Jiko lilikuwa upande huo, na kutoka mlangoni ungeweza kutupa ganda la ndizi likaanguka ndani ya hori. Mjane alikuwa jikoni peke yake, kawakimbia waombolezaji sebuleni. Hakulia. Alipomwona Inspekta aliufunga mlango, akaingiza mkono kifuani na kutoa kamba nyekundu ya plastiki, iliyojisokota kama waya wa simu za zamani, yenye kishikizo upande mmoja.

"Nikamateni," alisema. "Nimemuua mume wangu."

Inspekta alivuta kigoda akaketi. Huyu alikuwa wa tatu kujishtaki tangu asubuhi, ukimhesabu na yule wa kusonya.

"Kaa kwanza, dada. Hii ni nini?"

"Kamba ya injini. Unaivaa mkononi, kishikizo unakichomeka kwenye injini. Ukianguka majini kinachomoka, injini inazima. Bila hicho kishikizo injini haiwaki, hata uvute mpaka kesho. Ya boti kubwa hukaa humo humo. Ya boti ndogo alikuwa anaitundika hapo, kwenye huo msumari, kwa ajili ya wezi."

"Na jana?"

"Jana usiku alipokosa kurudi nilikuja kuitazama. Ilikuwa msumarini." Aliunyoshea kidole msumari ule. "Mtu anakwendaje majini bila kamba ya injini? Alijisukuma tu, akaacha maji yamchukue. Hakuwa na nia ya kurudi, afande. Na ni mimi nilimwambia asirudi."

"Ulimwambia nini hasa?"

"Tuligombana asubuhi. Kwa sababu ya Ndoo. Nilimwambia, mdogo wako ana mvi sasa, anaweza kuongoza boti kuliko hata wewe na bega lako hilo, mbona unamdhalilisha mbele ya wageni? Akacheka. Akasema, Ndoo ni Ndoo. Mimi kucheka kule kuliniudhi. Nikamwambia, kama hujui kuheshimu watu, toka, na ukitoka usirudi. Akatoka. Hata chakula cha mchana hakuja. Ndoo akaniambia, kaka kanuna, mwache, kachukua boti ndogo."

Alimshika Inspekta mkono. Viganja vyake vilikuwa baridi.

"Sitaki pole zenu. Nataka kujua kitu kimoja. Aliondoka ili afe, au hapana? Ukishajua uje uniambie, hata kama ni kibaya. Maana nitaishi na jambo hili, na siwezi kuishi nalo bila kulijua."

Inspekta hakuwa mtu wa ahadi. Katika kazi yake ahadi ndizo zinazomkosesha mtu usingizi. Lakini alijikuta akisema, "Nitakuja."

*

Mkuu wa kituo aliisikiliza habari yote huku akichokonoa meno.

"Kamba iko nyumbani. Ugomvi asubuhi. Bega bovu. Unataka nini tena? Kajiua. Andika, familia wazike, nasi tushughulike na wezi wa mifugo."

"Bado uchunguzi wa maiti, afande."

"Uchunguzi utasema kafa maji. Hilo hata mke wangu analijua, naye hajatoka nyumbani."

Ukweli usemwe: Inspekta alikaa mezani, akatoa kalamu, na akaanza kuandika. Alikuwa amefika kwenye sentensi inayosema marehemu alichukua uamuzi wa kujitoa uhai, na mwandiko ulikuwa mzuri kabisa, simu ilipolia.

Alikuwa daktari wa chumba cha maiti. "Acha unachofanya," alisema. "Njoo umwone mtu wako."

Daktari huyo alikuwa mzee mfupi ambaye hakukosa pipi mdomoni, kwa sababu ya harufu, alivyodai. Alifunua shuka hadi kiunoni.

"Kafa maji, hilo halina ubishi. Sasa tazama hapa."

Sehemu ya ndani ya mikono yote miwili, kuanzia kiganja hadi kwapani, ilikuwa imechanwachanwa. Kifua vilevile. Daktari alifunua mapaja: ndani, michano ileile.

"Chaza," alisema, akionyesha sahani yenye vipande vya magamba. "Nimevitoa kwenye nyama. Na alikuwa hai. Maiti haivuji damu namna hii."

"Labda mkondo ulimburuza kwenye chaza."

"Angechanika mgongoni, usoni, visigino. Huyu mgongo wake safi kama wa mtoto. Hebu nionyeshe mtu anavyopanda mnazi."

Inspekta aliitazama ile mikono. Polepole aliinua yake, akakumbatia hewa. Mikono ndani, kifua ndani, mapaja ndani.

"Umeona?" alisema daktari. "Alikumbatia kitu kilichojaa chaza, akang'ang'ania muda mrefu. Kinazidi kuzama, anapanda. Anateleza, anapanda tena. Na chini ya kucha nimekuta rangi. Nyekundu, ya mafuta, ya zamani."

"Mtu anayetaka kufa hang'ang'anii."

"Mimi sisemi. Mimi nasema chaza."

Alipotoka nje Inspekta alikaa kwenye gari bila kuwasha. Aliona aibu iliyompasha masikio moto. Sentensi moja zaidi, sahihi, muhuri, na mwanamke yule angebeba mzigo usio wake mpaka kaburini. Alirudi kituoni akaichana karatasi vipande vidogo vidogo, na Koplo, aliyekuwa anakula mkate, hakuthubutu kuuliza.

*

Mgeni alijileta mwenyewe. Alikuwa daktari wa meno, mwanamume msafi mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na alisimama kaunta akiisokota kofia yake kama anaikamua maji.

"Nimesikia habari redioni nikiwa njiani kurudi nyumbani. Nimegeuza gari. Nataka kujisalimisha."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alimtazama Koplo. Wa nne.

"Kwa kosa gani?"

"Nilisikia firimbi."

Walimpa kiti na maji. Hakunywa.

"Asubuhi kabla hatujaondoka Nahodha alinieleza utaratibu wao. Maji yakipwa, mmoja wao hushuka kwenye fungu la mchanga na kimia, anatupa, anapata chambo hai. Hawezi kuondoka pale, maana pande zote ni mkondo. Mwingine anaendelea na mgeni kwenye madimbwi ya mbele. Maji yakianza kujaa na kumfika magotini, aliyeko funguni anapiga firimbi. Na hapo kuna sheria moja tu: firimbi ikilia, mgeni anakata uzi wake papo hapo, boti inarudi. Alisema, hata kama umemnasa nyangumi, kata. Sote tulicheka."

"Nani alishuka?"

"Yeye. Kwenye fungu lenye nguzo ya zamani, ile ya kuonyesha vyombo njia. Ndoo alitaka ashuke yeye, Nahodha akakataa. Akasema, wewe mtupo wako wa kimia unafukuza samaki, kaa na mgeni, ukishindwa kufunga ndoano niite. Kisha akanikonyeza."

"Ndoo alifanya nini?"

"Alitabasamu."

"Firimbi ikalia."

"Ikalia." Daktari wa meno alishusha macho. "Nilikuwa nimenasa kolekole. Afande, samaki yule nimemwota tangu nianze kuvua. Alikuwa anavuta uzi mpaka vidole vinaungua. Nikamwambia Ndoo, hiyo si firimbi? Akasema, ni ndege wa mikokoni. Nikamwamini. Hapana, nisidanganye. Nilitaka kumwamini, nikamwamini."

"Iliendelea?"

"Muda wote. Mpaka samaki akafika botini."

"Basi mkarudi."

"Hapana. Ndoo alinipiga picha na samaki. Kisha akamchukua, akalowesha mikono kwanza ili asimchubue, akainama akamshika ndani ya maji, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka samaki akapata pumzi. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alimhudumia samaki yule kama mtoto mchanga. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mwema."

Koplo aliacha kuandika.

"Na firimbi?"

"Ilikuwa imenyamaza. Nikasikia sauti ya mtu, mbali. Anaita, mwanangu, mwanangu. Nikadhani ni mzazi yuko ng'ambo anamwita mtoto wake. Ndoo akawasha injini, tukarudi kwa njia nyingine. Nilipouliza, akasema Nahodha keshachukuliwa na boti ya jirani."

"Hiyo picha unayo?"

Alitoa simu. Alionekana yeye mwenyewe, meno yote nje, samaki wa kutisha mikononi. Nyuma yake maji, mstari wa mikoko, na mbali kabisa kijiti cheusi kimechomoza majini. Koplo aliivuta picha ile ikakua.

"Kuna kitu juu ya nguzo. Mnandi huyo, afande, anakausha mabawa."

"Tangu lini mnandi akavaa shati la njano?"

Daktari wa meno aliinama kutazama. Alitazama kwa muda, kisha akaweka simu kifudifudi juu ya meza, akaomba aonyeshwe choo kiliko.

*

Walikwenda funguni kesho yake maji yalipopwa, ndani ya mtumbwi wa mama mtega kaa, Koplo amefumba macho njia nzima. Nguzo ilisimama katikati ya mchanga, rangi yake nyekundu imebaki mabaka, chaza wameigandama kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu.

"Wakati wa bamvua maji yanafika wapi?" Inspekta aliuliza.

"Bamvua ni juzi na jana," alisema mama. "Maji yanajaa kuliko siku zote. Hiyo nguzo inabaki ncha tu, na mkondo wake hapa unakata kama kisu."

Karibu na ncha, kati ya magamba mawili, Koplo aliona uzi wa njano. Aliutoa kwa koleo ndogo na kuuweka ndani ya mfuko wa vielelezo. Chini, kimia kilikuwa kimefukiwa nusu na mchanga, na kando yake ndoo yenye mfuniko wa matundu, imefungwa kwenye nguzo kwa kamba. Ndani yake kamba wadogo wa baharini, chambo hai, walikuwa wakirukaruka. Nahodha alikuwa amemaliza kazi aliyoshukia.

Wakiwa njiani kurudi, Inspekta alipita nyuma ya jiko la mjane.

"Dada, mlikuwa na mtoto?"

"Hatukujaliwa. Mtoto wetu alikuwa Ndoo. Wazazi wao walikufa akiwa mdogo, kaka yake ndiye aliyemlea."

"Mumeo alimwitaje?"

"Mbele za watu, Ndoo. Lakini Ndoo akiumwa, au yeye mwenyewe akishikwa na hofu, alimwita mwanangu." Alimkazia macho. "Kwa nini?"

"Nitakuja kukuambia."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililoangalia ukuta. Ndoo aliketi, mikono katikati ya magoti.

"Nirudie tena," Inspekta alisema. "Juzi alasiri kaka yako aliondoka kwa boti ndogo."

"Ndiyo."

"Kwa injini au kwa kujisukuma na upondo?"

"Kwa injini. Nilisikia ikinguruma."

"Una hakika?"

"Injini ile naijua kama sauti yangu."

Inspekta aliweka kamba nyekundu juu ya meza. Ndoo aliitazama, na uso ukambadilika kama wa mtu aliyepapasa mfuko akakuta ufunguo haumo.

"Ilikuwa msumarini," Inspekta alisema. "Wewe umezoea boti kubwa, kamba yake hukaa humo humo. Ulipoisukuma ile ndogo majini na kushusha injini ili ionekane ametoka nayo, hukuikumbuka."

"Labda... labda alikuwa na nyingine."

"Alikuwa nayo?"

Ndoo aliirudisha mikono katikati ya magoti.

"Daktari wa meno amerudi, Ndoo."

Hapo alifumba macho. Inspekta alitoa picha iliyochapishwa kubwa, akaigeuza imwelekee.

"Picha hii nani alipiga?"

"Mimi."

"Ulipokuwa unapiga, uliona nini nyuma ya mgeni?"

"Samaki. Nilikuwa natazama samaki."

"Ndoo. Uliona nini?"

Sauti iliyomtoka Ndoo ilikuwa ndogo.

"Nilimwona kaka."

Koplo alimsogezea maji. Alimkumbusha haki yake ya kunyamaza, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Ndoo alitikisa kichwa.

"Nimesema tangu jana asubuhi pale ufukweni kwamba nimemuua. Hakuna aliyetaka kunisikia. Sasa nisikilizeni."

"Tunasikia."

"Sikutaka afe. Wallahi sikutaka. Nilitaka anihitaji. Mnajua nina umri gani? Nina wajukuu. Wageni wakija, kaka huwaambia, huyu ni Ndoo, msimpe kitu kizito kuliko ndoo. Wanacheka. Nami nacheka, maana nisipocheka nitaonekana nina kinyongo. Juzi shemeji alinitetea, nilisikia nikiwa nje. Nikasema, leo labda kaka atabadilika. Tunafika funguni, mbele ya mgeni anasema mtupo wangu unafukuza samaki. Mimi! Ninayetupa kimia tangu sijaota ndevu!"

"Ukaondoka."

"Nikaondoka. Firimbi ya kwanza ilipolia... Nisemeje? Ilinifurahisha. Maisha yangu yote yeye akinyanyua kidole, mimi nakimbia. Nikasema, leo ngoja uite. Ita kidogo. Iliponifurahisha ya kwanza nikaiacha ya pili. Mgeni naye kanasa samaki, nikasema, si kosa langu, ni samaki. Nilipanga nikimfikia maji yatakuwa kiunoni, atanitukana, nami nitamwambia, umeona? Unaniita Ndoo, lakini bila Ndoo hufiki nyumbani."

"Samaki alipoingia botini bado kaka yako alikuwa hai. Picha inaonyesha."

"Najua."

"Kwa nini hukwenda?"

Mahali fulani kwenye korido mtu alicheka, mlango ukafungwa.

"Niliona aibu," alisema. "Nilimwona amepanda nguzo. Nikajua nimevuka mpaka. Nikimfuata sasa, mgeni atajua nilimdanganya kuhusu firimbi, kaka atajua, horini kote watajua. Hakuna atakayenipa boti tena. Nikasema nimalize kwanza na samaki, akili inikae sawa. Nikamshika samaki, mbele, nyuma. Samaki alikuwa tayari kuondoka, afande. Alikuwa na nguvu zake. Mimi ndiye sikumwachia. Nilijua nikimwachia itanibidi niinue macho."

"Na sauti?"

Sasa alilia kwa kwikwi, makamasi na machozi, bila kujifuta.

"Firimbi ilinyamaza. Akaniita kwa mdomo. Mwanangu. Hakusema Ndoo. Aliniita mwanangu, mwanangu, na mimi nimeinama nimeshika mkia wa samaki. Kisha hakuita tena. Nilipoinua macho ile nguzo haikuwa na mtu."

Inspekta aliisogeza karatasi ya maelezo na kalamu. Ndoo alitia sahihi kila ukurasa, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga ndoano.

*

Mjane alikuja mwenyewe jioni, hakungoja kufuatwa. Inspekta alimketisha ofisini kwake, akamwambia yote bila kupunguza. Alimwambia habari za fungu, za nguzo, za picha. Alimwambia kuhusu mikono.

"Alipanda?" mjane aliuliza.

"Alipanda, dada. Akateleza akapanda tena. Kwa bega lile."

"Basi alikuwa anarudi."

"Alikuwa anarudi."

Mwanamke yule alijifunika uso na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza, kwa sauti, na Inspekta akainuka akafunga dirisha ili walioko nje wasichungulie. Alilia mpaka akachoka. Alipomaliza alijifuta, akainama chini ya kiti na kuinua chombo cha chakula kilichofungwa kwa kitambaa. Inspekta hakuwa amekiona alipoingia.

"Ndoo yuko ndani?"

"Yuko mahabusu. Kesho atapelekwa mahakamani."

"Amekula?"

"Hajataka kula tangu jana."

Alikiweka kile chombo mezani, akakitazama kwa chuki, akakisukuma mbele.

"Wakati napika nilikuwa sijui kama ni yeye. Nilipika cha watu wawili, kwa mazoea. Sasa najua, na ningekimwaga." Alisimama, akashika ukingo wa meza. "Lakini mume wangu hakuwahi kulala kabla ya kuuliza kama mtoto amekula. Mpelekeeni. Ila msimwambie nimeleta mimi. Siwezi kumsamehe, wala sitaki anishukuru."

Alitoka bila kuaga. Koplo alichukua chakula akaelekea mahabusu, na Inspekta akabaki amesimama mlangoni akisikiliza ufunguo ukigeuka.